GPS ya mkononi kwa ndege ndogo: tununue ipi itakayotufaa huku kwetu?

#1 MpyaAngani

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina leseni ya rubani binafsi, saa zangu hewani bado chache. Mimi na wenzangu wawili tunachangia Cessna 172 ya zamani, inalala Arusha. Ndani ina redio, dira, saa na vipimo vya kawaida. GPS ya kufungwa haina. Safari za karibu tunakwenda kwa ramani ya karatasi, penseli na saa kama tulivyofundishwa, na sina malalamiko. Ila sasa tunataka kuanza kwenda mbali: Tanga, Dodoma, na Mungu akijalia Zanzibar.

Tumechanga dola 900. Nimesoma sana maoni ya marubani wa Marekani na kila mmoja anasifia mambo mengi: mvua inaonekana kwenye kioo, ndege za wenzako zinaonekana, sijui WAAS. Mwenzangu mmoja anasema tununue tableti yatosha. Wa pili ameletewa GPSMAP 496 iliyotumika, bei ya chini kabisa. Mimi jicho langu liko kwenye Garmin aera 660. Pesa hii tumeitafuta kwa jasho, naomba mtusaidie kabla haijatoka mfukoni.

#2 FundiAvioniki

Karibu sana. Nianze na hilo la Wamarekani, maana ndilo linalowapotezea watu wengi hela.

Mvua wanayoiona kwenye kioo inaletwa na ama redio ya setilaiti ya SiriusXM, ambayo inahudumia Amerika Kaskazini peke yake, ama vituo vya ardhini vya serikali yao vya ADS-B, mfumo wa ndege na vituo kutangaziana habari kwa redio. Huku kwetu hakuna hata kimoja. Utalipia kipokezi, utakibeba, na kioo kitabaki kitupu. WAAS nayo ni masahihisho ya setilaiti kwa ajili ya kwao. Ulaya wana yao inaitwa EGNOS. Sisi tunatumia GPS kavu, na GPS kavu anga likiwa wazi inakupa mahali ulipo kwa kukosea mita chache tu. Kwa kutafuta Tanga mchana kweupe hiyo ni zaidi ya unachohitaji. Kwa hiyo kila sifa inayotegemea huduma ya Marekani ifute kwenye karatasi yako, halafu ulinganishe bei upya.

La pili, na hili hata wauzaji hawalisemi: vifaa vya aera huja na kanzidata ya usafiri wa anga kwa kanda. Kuna ya Amerika, kuna ya Atlantiki, kuna ya Pasifiki. Afrika iko kwenye Atlantiki pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Ndugu yako akikununulia dukani Florida, kuna uwezekano mkubwa atakuletea chenye viwanja vya Florida. Kanda nyingine unailipia. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya kuuliza rangi ya boksi. Na kumbuka kanzidata hubadilika kila siku 28, kwa hiyo gharama haiishii siku ya kununua.

Umeme: fungueni kitabu cha ndege yenu muone ni volti 14 au 28. Cessna 172 za miaka ya zamani nyingi ni 14, za baadaye ni 28. Chaja ya gari ya bei rahisi imetengenezwa kwa volti 12, ukiichomeka kwenye 28 unanusa moshi. Tafuta iliyoandikwa kwamba inapokea mpaka volti 32.

Halafu dira. Spika, vifuniko vya tableti na baadhi ya stendi vina sumaku. Ukishafunga kila kitu mahali pake, simama kwenye uelekeo unaoujua, soma dira vifaa vikiwa vimezimwa na viko mbali, kisha visogeze na uviwashe, usome tena. Dira ikisogea, hamisha stendi. Nimekuta ndege ambayo dira yake ilikuwa inadanganya nyuzi 15, na mwenye ndege alishapanga kununua dira mpya.

#3 Kisiwani

Mbona simu inatosha jamani? Ramani unapakua nyumbani, hewani unazima data, kidoti cha buluu kinatembea. Dola 900 ni mafuta ya saa ngapi hayo?

#4 DadaWaWilson

Kisiwani, kaka yangu, simu ni akiba nzuri sana na mimi ninayo mfukoni kila safari. Lakini usiifanye ndiyo kiongozi. Simu hujua mahali ilipo haraka kwa sababu mtandao unaisaidia kujua setilaiti ziko wapi. Ukiiwasha porini bila mtandao, inabidi ipakue habari hizo kutoka setilaiti zenyewe, na orodha kamili ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kushuka. Iwashe kabla hujaondoka, usingoje upotee.

Sasa kuhusu tableti, kwa kuwa nimeruka nazo tangu nikiwa mwanafunzi hapa uwanja wa Wilson, Nairobi. Nazipenda. Kioo kikubwa, ramani unaiona yote, mpango wa safari unauandaa kitandani. Lakini kuna mambo matatu uyajue.

iPad ya Wi-Fi peke yake haina GPS ndani. Ni ile ya laini ya simu tu ndiyo iko nayo, hata kama hutaweka laini. Watu wananunua ile ya bei ya chini, wanafika kiwanjani, kidoti hakitembei. Ukishanunua hiyo, dawa ni kipokezi cha nje kama Garmin GLO au Bad Elf.

Pili, joto. Apple wenyewe wanaandika kwamba iPad itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za selsiasi. Ebu fikiria Lodwar saa nane mchana, ndege imekaa juani, tableti umeibandika kwenye kioo cha mbele. Yangu ilizima mara mbili siku moja, ikaandika inataka kupoa kwanza. Sasa naifunga pajani, mbali na kioo, hewa ya tundu la pembeni ikiipiga. Kifaa kilichoundwa kwa ajili ya ndege kinavumilia hayo mambo vizuri zaidi na mwanga wa jua unakisoma bila kukunja uso.

Tatu, programu. ForeFlight, ile ya ramani za marubani inayosifiwa sana, ni ya iPad na iPhone tu. Kabla hujalipia programu yoyote, uliza ramani zake za Kenya na Tanzania zina nini ndani: viwanja peke yake, ama pia mipaka ya anga na milima. Zingine ukishatoka Ulaya au Afrika Kusini unabaki na kioo cha kijivu.

Kwa dola 900 mngekuwa watu wa ofisini ningesema tableti. Kwa 172 isiyo na GPS, inayokaa Arusha, chukueni aera 660. Kioo inchi 5, kinaingia kwenye usukani bila kuziba vipimo, betri yake mpaka saa nne. Aera 760 ni nzuri zaidi, inchi 7, lakini bei ni karibu mara mbili na kwenye usukani wa 172 inakaa kama sinia.

#5 MpyaAngani

Dada shukrani, hilo la Wi-Fi lingetukamata kabisa. Na ile 496? Muuzaji anasema haijaguswa.

#6 FundiAvioniki

496 ilitoka 2006. Wakati wake ilikuwa mfalme. Leo kabla ya kutoa hata shilingi: iwashe nje, bila chaja, uone betri inadumu dakika ngapi. Angalia tarehe inayoonyesha ikishashika setilaiti, kwa sababu GPS huhesabu wiki na hesabu yake hurudi sifuri kila wiki 1,024. Mara ya mwisho ilikuwa 6 Aprili 2019, na vipokezi kadhaa vya zamani vikabaki vinaonyesha mwaka usio wake, na saa ya jua kuzama nayo ikavurugika. Kisha ulizia kama kanzidata ya Afrika bado unaweza kuipata kwa ajili yake. Kioo chake ni inchi 3.8, tena hakiguswi, ni vitufe. Kama bei ni ya bure, ichukueni iwe ya akiba. Iwe ya akiba tu.

#7 KaptenMstaafu

Nimesoma yote. Vijana mmesema vizuri. Mimi nitaongeza jambo moja kwa urefu, mnivumilie, kwa sababu limekaa kifuani kwangu miaka mingi.

Nilianza kuruka porini kabla GPS hazijafika kwetu. Zilipokuja, Wamarekani walikuwa bado wanazichafua kwa makusudi, ukikosea mita 100 ilikuwa kawaida. Mwezi Mei 2000 wakaacha kuzichafua, na toka hapo kila rubani akawa anajua alipo kuliko mwalimu wake alivyowahi kujua. Hatari ikahama. Haikuwa tena kwenye setilaiti, ikaja kwenye vidole vyetu.

Niliombwa kupeleka watu na vifaa kwenye kiwanja cha vumbi ndani ya Ruaha ambacho nilikuwa sijawahi kutua. Kodineti nikatumiwa kwa ujumbe wa simu: 7.41 kusini, 34.56 mashariki. Nikaziingiza hivyo hivyo. Cessna 206 imejaa, kiangazi, ukungu wa moshi wa mbuga zinazoungua. Nikafuata mstari mpaka kifaa kikasema umefika. Chini yangu ni miti mitupu. Hakuna kiwanja, hakuna gari, hakuna moshi wa kambi. Nikazunguka mara moja. Nikazunguka mara ya pili. Abiria wakaanza kutazamana.

Aliyetuma alimaanisha nyuzi 7 na dakika 41, nyuzi 34 na dakika 56. Mimi nimeingiza nyuzi 7 nukta 41, na 34 nukta 56. Chukueni karatasi mpige hesabu: nukta 41 ya nyuzi ni dakika 24.6, si 41. Nukta 56 ni dakika 33.6, si 56. Tofauti ile ni karibu maili 28 za baharini, kilomita 51. Kifaa hakikukosea hata mita kumi. Kilinipeleka pale pale nilipokiambia.

Kilichonitoa ni ramani ya karatasi iliyokuwa pajani. Nilijua kiwanja kiko karibu na Mto Ruaha Mkuu. Nikageuka kusini mashariki nikaenda mpaka nikaona mchanga mweupe wa mto umejinyoosha, kiangazi kile maji yalikuwa madimbwi tu, nikaufuata. Nikatua nikiwa na mafuta ya kurudi, lakini si kwa ukarimu.

Kwa hiyo, mwanangu, chochote utakachonunua, kaa nacho mezani ujifunze mambo mawili kabla ya mengine yote. Moja, kinaandika kodineti kwa mtindo gani: nyuzi na desimali, nyuzi na dakika zenye desimali, au nyuzi dakika na sekunde. Mitindo hii mitatu inafanana machoni kama mapacha. Mtu akikutumia kodineti, mpigie umwulize ni mtindo upi. Akikujibu "hizo hizo za GPS", hajui, na wewe hujui.

Mbili, datamu, yaani msingi ambao kodineti za ramani zinapimiwa. Ramani zetu za serikali za Kenya na Tanzania, zile za moja kwa 50,000, zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. GPS inatumia WGS 84, ambayo ndiyo usafiri wa anga duniani umeifuata tangu 1998. Ukisoma kodineti kwenye ramani ile ukaziweka kwenye kifaa bila kubadilisha, utahama kama mita 300, hasa kwa uelekeo wa kaskazini na kusini. Hewani mita 300 si kitu kama macho yako yanaona. Lakini ukimpa dereva wa gari la uokoaji kodineti hizo usiku, mita 300 za kichaka ni nyingi.

Na ukishaingiza pointi yoyote, angalia kabla ya kuwasha injini: umbali na uelekeo ambao kifaa kinasema, vinafanana na ulivyopima kwa rula kwenye ramani? Arusha mpaka Seronera kule Serengeti ni kama maili 120 za baharini, kaskazini magharibi. Kikikwambia 95, usiondoke.

#8 MpyaAngani

Kapteni, shikamoo tena. Nimepiga hesabu na wenzangu, tumepata 27 na kitu. Tumekaa kimya kidogo.

Swali la kiwanafunzi: jana nimejaribu GPS ya rafiki kwenye ndege, mwinuko wake ulikuwa futi karibu 300 juu ya altimita, kile kipimo cha mwinuko cha ndege. Ipi ni ya kweli? Na zile rangi za milima kwenye kioo chake niziamini?

#9 FundiAvioniki

Zote mbili ni za kweli, zinapima vitu tofauti. GPS inapima umbali kwa jometri. Altimita inapima mgandamizo wa hewa, na imetengenezwa ikidhani hewa ina joto la kawaida la vitabuni. Hewa yetu ina joto zaidi, imetanuka, kwa hiyo mara nyingi uko juu kuliko altimita inavyosema. Lakini unaporipoti futi 7,500 au kupishana na mwenzako, ni altimita iliyowekwa QNH, yaani mgandamizo wa hewa wa wakati huo, ndiyo sheria, kwa kuwa na yeye anasoma altimita. Ukifuata GPS na yeye akafuata altimita mtakutana.

Rangi: kwenye Garmin, nyekundu ni ardhi iliyo futi 100 chini yako au karibu zaidi, au iliyokuzidi. Njano ni kati ya futi 100 na 1,000. Zitumie zikuamshe. Usizitumie kupenya bonde lenye mawingu. Mnakaa chini ya Meru, mita 4,566, na Kilimanjaro, mita 5,895, milima ambayo mara nyingi inajificha kabisa mawinguni. Kifaa cha mkononi hakijaidhinishwa kukuongoza ndani ya wingu, na hakina namna ya kuhakikisha kwamba setilaiti hazijakidanganya. Ukiona njano na mbele huoni, geuka.

#10 DadaWaWilson

Naongeza kitu kimoja ambacho kinanitisha kuliko milima. Kabla ya GPS kila mtu alikuwa anapotoka kidogo, huyu maili moja kushoto, yule mbili kulia. Sasa wote tunapita juu ya mstari ule ule, kwa usahihi wa mita. Dar es Salaam na Zanzibar ni maili 40 hivi za baharini na ndege ndogo zinapishana hapo kutwa. Wewe unaenda, mwingine anarudi, wote mmebonyeza "moja kwa moja", wote macho yako kwenye kioo.

Mimi hujisogeza nusu maili kulia mwa mstari. Na nimejiwekea: kioo sekunde mbili, nje kumi. Stendi ifunge mahali ambapo ukiitazama, bado unaona upeo wa macho pembeni.

#11 Kisiwani

Nimefuta kauli ya simu. Ila nani atajua mlipo mkianguka? GPS inakuonyesha wewe tu.

#12 FundiAvioniki

Umegusa mahali. Kifaa cha kuongoza na kifaa cha kuita msaada ni vitu viwili. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya dharura ya megahezi 121.5 tangu tarehe 1 Februari 2009. Kama ndege yenu ina kile king'ora cha zamani cha masafa hayo peke yake, ombeni Mungu ndege iliyo karibu iwe inasikiliza. Cha megahezi 406 ndicho kinachosikika angani. Kuna vya kubeba mwilini, havina malipo ya mwezi. Au Garmin inReach inayotumia setilaiti za Iridium, hiyo unalipia kila mwezi lakini unaweza pia kutuma ujumbe nyumbani kwamba umetua salama. Ikikosekana hela ya vyote, ningepunguza kwenye GPS nipate hiki.

#13 MpyaAngani

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyowaahidi baadhi yenu.

Tumenunua aera 660 iliyotumika, ya rubani anayehama nchi, kanda ya Atlantiki. Tuliiwasha mbele yake, tukaangalia tarehe, tukaiacha betri ifanye kazi saa mbili. Chaja tumenunua nyingine kwa kuwa ndege yetu imekuwa ya volti 28. Chenji imeingia kwenye kiita msaada cha 406, tumekifunga kwenye koti la anayeendesha. Dira imesogea nyuzi nne kwa sababu ya stendi, tukaishusha, ikatulia.

Jana tumekwenda Tanga. Usiku wa kuamkia safari nilibonyeza "moja kwa moja", kikanipa kama maili 180 za baharini, rula nayo ikasema hivyo hivyo. Nikafurahi. Kisha nikaweka rula tena nikafuata ule mstari kwa kidole, nikakuta unapita juu kabisa ya Shengena kule Pare Kusini, zaidi ya mita 2,400, halafu unakata Usambara upande wa Mtae. Kwenye kile kioo kidogo ulikuwa mstari mzuri wa zambarau tu, hauna mlima. Nikaufuta. Nikaweka pointi Same, Mombo, Korogwe, Muheza, tukashuka na uwanda, milima ikiwa kushoto na wingu limeikalia mpaka kiunoni. Tumeongeza dakika chache tu.

Tulipopita Korogwe nikachomoa chaja na kuzima kifaa kwa makusudi, mwenzangu akaongoza kwa ramani na saa mpaka tukaiona bahari. Tulikuwa tumepotoka maili moja na nusu.

Kesho kutwa tunarudi kwa njia ile ile.

#14 KaptenMstaafu

Marahaba mwanangu. Mkirudi kwa njia hiyo, reli kutoka Korogwe mpaka Same iwekeni mkono wa kushoto, msikae juu yake. Na anayekuja akiiweka yeye kushoto kwake, mtapishana mkionana, reli ikiwa katikati yenu. Ondokeni mapema, mchana upepo pale Same unarusha ndege sana.